Nimemjua Madam kwa Vidole vya Mguu, Sasa Nimshinde au Nimwachie?

Kwako Shangazi Keziah,

Pokea salamu nyingi kutoka Riyadh, na kabla moyo wako haujaruka kwa kuona jina la huku, nikuambie mapema kwamba mimi ni mzima, nakula vizuri, sijafungiwa wala sijapigwa, isipokuwa kupigwa mieleka, na hiyo napigwa kwenye televisheni, na anayenipiga ni madam wangu, na naomba msaada wako kwa sababu siku hizi hanipigi tena, nimejua kumzuia, na sasa sijui kama nimshinde au nimwachie, na nisipopata jawabu kabla ya ile Alhamisi shule zinafungwa, nitapasuka.

Naitwa Selipher, kwetu ni Vihiga, nafanya kazi za nyumbani na kulala hapa hapa kwa mwajiri. Madam wangu ni Madam Hessa, bado kijana, ana watoto watatu na mume mpole ambaye sisi wote nyumbani tunamwita baba. Madam alikulia katikati ya kaka watupu na ndio waliomfundisha gemu ya mieleka, wakawa wanapigana kwenye pleistesheni hadi mama yao anazima umeme, kisha akaolewa huku mbali nao, na hapa hana wa kucheza naye, kwa maana baba akiketi kucheza huwa anabonyeza kwa mkono mmoja na mwingine umeshika simu, anaanguka mwenyewe, anasema "mashallah, umeshinda," na anaenda zake.

Basi asubuhi moja Hezron dereva alikuwa ameshapeleka watoto shule, mimi nasugua zulia la sebuleni, madam ameketi chini mbele ya televisheni, akaniita kwa ile lugha yetu ya kuchanganya Kiarabu na Kiswahili, "Selifa, taali, keti." Nikasema, "Madam, zulia bado." Akasema, "Zulia mafi kimbia," yaani halikimbii, "Yalla, shika." Akanitupia pedi, ule mtambo wa vitufe wa kuchezea, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia, balaa tamu, Shangazi, sikufichi. Alinitupa nje ya ulingo, akanitupa juu ya meza, akanitupa juu ya refa, anacheka huku anapiga zulia kwa kiganja, na mimi nikacheka hadi mbavu zikauma, kwa sababu tangu nije nchi hii sikuwa nimecheka na mtu tumeketi pamoja sakafuni. Ikawa ndiyo desturi, watoto wakishaenda shule na vyombo vikishakauka, tunapigana. Hata alinitengenezea mtu wangu mwenyewe, gemu ile inakuruhusu kuunda mpiganaji utakavyo, akakaa asubuhi nzima akinitazama uso na kurudi kwenye skrini, akanitoa mwanamke mweusi mrefu mwenye mabega, bukta ya kijani, na pengo langu la meno ya mbele. Pengo, Shangazi! Akasema, "Huyu Selifa. Huyu hatari." Yeye wake ni jibaba lenye kipara.

Lakini hatari gani, kila siku nilikuwa naliwa. Kuna kitufe chenye alama ya pembetatu, hicho ndicho cha kuzuia, mwenzako akikushika ili akutupe, ukikibonyeza kwa wakati wake unaugeuza ule mweleka na anaanguka yeye. Mimi kila nikikibonyeza nilikuwa naanguka tu. Sikuelewa ni kwa nini hadi Hezron aliponieleza. Hezron ni Mkenya mwenzetu wa Bungoma, na Ijumaa yeye na madereva wenzake wanakutana kwenye chumba kimoja kule Al-Shumaisi wanacheza gemu hiyo hiyo hadi vidole vinavimba. Nilimwambia shida yangu siku analeta mboga mlango wa jikoni, akacheka, jioni akanitumia sauti kwenye simu, "Selipher, wewe unabonyeza ni kama unaogopa kufutwa. Wacha akushike kwanza. Acha mkono ufike. Ukiona ile alama imewaka juu ya kichwa cha mtu wako, hapo ndio unapiga, one time, halas. Ukibonyeza mapema gemu inakuchukulia fala."

Shangazi, nilisikiliza ile sauti nikaona maisha yangu yote. Wewe unajua kazi hii yetu, na kama hujui ngoja nikueleze, mfanyakazi mzuri ni yule anayefika kabla hajaitwa. Madam akigusa koo, maji yako mezani. Akitazama mlango, abaya yake iko mkononi mwangu. Akivuta pumzi ya kuniita, nimeshasema "naam madam." Kwa hilo nasifiwa mtaa mzima, na hilo ndilo lililokuwa linanimaliza ulingoni, maana jibaba lenye kipara likiinua tu bega mimi nimeshabonyeza, gemu inaona mkono bado haujafika, inakataa, na alama inapowaka kidole changu kimeshachoka.

Nikaanza mazoezi ya kuchelewa. Nilisimama mbele ya kile kifaa cha kukaushia mkate, mkate ukiruka naudaka, si kabla, ukiruka tu. Nguo zikizunguka kwenye mashine nangoja ipige kengele ndipo niguse mlango wake. Madam akiniita nasimama kwanza, nasikia jina langu lote hadi mwisho, ndipo naitika. Akaanza kuuliza, "Selifa, sikio mgonjwa?" Nikasema hapana madam, sikio zima. Mwili wote ukawa macho, Shangazi, nikawa natembea kwenye hii nyumba najisikia mrefu.

Sasa sikia maajabu. Ijumaa wanawake wa ukoo walikuja, nimebeba sinia la kahawa, na shangazi yake madam, Umm Talal, mama mkubwa anayeogopwa na watu wote hawa, akanishika bega kwa nyuma ili nimpe tende. Sijui nikuambie nini. Mkono ulifika, na mimi nikazuia. Niligeuka, nikaudaka mkono wake kwa kiwiko, nikauzungusha, na sinia likabaki juu ya mkono wangu mwingine bila tone kumwagika. Nilijua ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, imekwisha, nikaanza kuona uwanja wa ndege. Kisha yule mama akaangua kicheko, akacheka hadi akavua miwani, akauliza ni nani amemfundisha huyu, na madam akasema kwa majivuno, "Huyu mpiganaji wangu." Basi Umm Talal akaamua hapo hapo, Alhamisi shule zikifungwa wote watakusanyika hapa, waone madam na mimi tukipigana.

Na hapo ndipo penye uchungu wangu. Nina dada yangu wa kunyonya ziwa moja, Fridah, anafanya kazi kama mimi huko Jeddah, mtaa wa Al-Mahjar, kwa bibi mmoja mzee. Tulikuja nchi hii tukifuatana, na tangu tushuke ndege hatujawahi kuonana uso kwa uso, tunasikiana tu kwa simu. Mkataba wake unaisha, likizo hii ikiisha anarudi nyumbani moja kwa moja, na mimi nimeongeza wangu juzi. Akiondoka sitamwona tena hadi Mungu apende. Kila likizo madam na familia wanaenda Jeddah baharini na mimi nabaki kulinda nyumba. Kitambo, siku amenitupa juu ya refa, madam alisema kwa kicheko, "Siku wewe shinda mimi, naenda na wewe Jeddah, ona dada." Ni mzaha au ni ahadi, sijui, lakini mimi nimeushika.

Na ninaweza kumshinda, Shangazi. Sio kwa ile alama peke yake. Nimekaa na madam huyu, namjua. Kabla hajarusha mweleka mkubwa anakunja vidole vya mguu wa kushoto kwenye zulia. Akikunja, nahesabu pumzi moja, jibaba linanishika, nabonyeza, linaanguka. Yeye hajui kwamba simwangalii mpiganaji wake, naangalia miguu yake. Je, huo ni wizi? Hilo nalo linanisumbua.

Wiki iliyopita nilijaribu. Kila alichorusha nilikigeuza. Jibaba lilikuwa chini, ilibaki nilikalie tu refa ahesabu, na nikamtazama madam, jasho puani, ametoa macho, na nikaogopa. Nikaachilia kidole. Akainuka, akanitupa, akashinda. Nikapiga makofi nikasema, "Hongera, madam!" Nilidhani atafurahi. Aliweka pedi chini polepole, akasema, "Hata wewe? Halas," yaani basi, akaenda chumbani, chai yake nikaikuta imepoa. Tangu siku hiyo hajaniita tukacheze. Ananisalimia, ananipa kazi, lakini hanitazami. Nafikiri amegundua nimekuwa mjuaji na amekasirika, na kama kukaribia kumshinda kumemuudhi hivi, nikimshinda mbele ya shangazi zake si nitafukuzwa siku hiyo hiyo?

Roselyne, wa nyumba ya jirani, tunayeongea naye juu ya paa tukianika nguo, anasema, "Selipher, shindwa vizuri, kibarua kisiote nyasi. Mtu hashindi mdosi." Hezron anasema, "Wewe mchape, acha mchezo." Anatuma sauti asubuhi, mchana na jioni, nyingine wala hazihusu mieleka, anauliza tu nimekula nini. Fridah mimi sijamwambia lolote nisije nikamtia tumaini la bure. Silali nikiwaza, na hapo hapo Shangazi nacheka peke yangu kitandani nikikumbuka jibaba likiruka. Nifanye nini?

Wako mwenye mapigo ya moyo,
Selipher, Riyadh

SHANGAZI KEZIAH ANAJIBU:

Selipher mwanangu, barua yako nimeisoma nikicheka hadi mhariri akaja kuchungulia kama niko salama. Barua za kutoka huko huwa nazifungua nikiwa nimejikaza, nyingi zinaniliza, na yako imenipa asubuhi njema. Asante. Sasa kaa vizuri nikukaripie.

Kwanza Umm Talal. Unamzungusha mama mtu mkono akiwa anaomba tende? Alicheka, mshukuru Mungu, angeweza kulia, na hapo tusingekuwa tunaongea habari za gemu. Mazoezi yaishie kwenye mkate. Nje ya ulingo mtu akikushika bega, geuka uitike kama watu wengine.

Pili, wizi. Wizi gani? Tangu lini kumwangalia mtu unayepigana naye kukawa dhambi? Wewe umelipwa kumwangalia huyu mama tangu alfajiri hadi taa zizimwe, umejua akitaka maji na akitaka abaya, kisha ulingoni ujifanye kipofu? Vidole ni vyake na zulia ni lake. Akitaka kuficha, avae soksi.

Tatu, na hapa nimekasirika kidogo. Unasema unamjua madam wako. Unamjua miguu. Moyo wake umeupita hivi hivi, na umeniandikia mwenyewe kila kitu bila kukiona. Soma tena ulichoandika. Ni binti aliyekulia akipigwa na kupiga, kaka zake hawakumwonea huruma hata siku moja, na alikuwa na furaha. Akaolewa mbali. Mume anamwachia ashinde huku anasoma simu. Akamtafuta mtu wa kupigana naye kweli, akamwona mfanyakazi anayesugua zulia, akamwambia keti. Akakaa asubuhi nzima akikuchora hadi pengo lako. Ukafika siku ya kumwangusha, ukamtazama usoni, ukaachilia. Ndipo akasema, "Hata wewe?"

Selipher, mtu mwenye hasira ya kushindwa hasemi "hata wewe." Hilo ni neno la mtu aliyeachwa. Wewe ukampigia makofi juu yake! Ulidhani unamheshimu, kumbe umemfanyia yale yale anayofanyiwa na kila mtu katika nyumba ile. Ndiyo maana chai ilipoa.

Roselyne hana ubaya, anakutakia mema, na ushauri wake unafaa nyumba nyingi. Kuna madam ambao ukiwashinda hata kwa kuimba watakunyima chakula, na anayefanya kazi kwa mtu wa aina hiyo namwambia ashindwe na ashukuru. Lakini wewe huko siko uliko. Usibebe hofu ya nyumba ya jirani ukaileta kwako.

Sasa tuje kwa Fridah, kwa sababu huyo ndiye aliyekufanya uandike, mieleka ni kisingizio. Umeniambia kuhusu mzaha wa madam, umeniambia mipango yako, vitufe na pembetatu, na nimetafuta katika barua nzima mahali ulipomwomba, sijapaona. Hujawahi kumwomba! Umejifunza kuzuia jibaba lenye kipara, umejifunza kudaka mkate hewani, yote hiyo ili usifungue mdomo useme sentensi moja. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mzaha wa mtu si ahadi, na huwezi kumdai mtu safari mbele ya shangazi zake kwa sababu ya neno alilolisema akicheka. Ukishinda halafu ukadai, utakuwa umemtia aibu. Ukishindwa, je, dada yako aondoke bila kuonana nawe kwa sababu ya kitufe?

Na kuna jambo ambalo wewe wala Hezron hamkuliwaza. Hata ukifika Jeddah, Fridah naye yuko katika nyumba ya mtu. Hawezi kutoka kwa sababu wewe umefika. Utakaa baharini na watoto, naye atakuwa Al-Mahjar anapangusa madirisha, mtapigiana simu kama kawaida, safari hii mkilia. Mfanyakazi hawezi kumpigia bibi wa nyumba nyingine kumwombea mwenzake ruhusa. Simu hiyo ni ya madam kwa madam. Hicho ndicho unachotakiwa kumwomba Madam Hessa, akuchukue Jeddah, na ampigie yule bibi mapema, kwa heshima, aombe dada yako aletwe au wewe upelekwe kwa siku moja. Ikama yako utembee nayo safarini. Namba ya nyumba ya Fridah uwe nayo kabla hujazungumza na madam, akikubali umpe hapo hapo, usimwachie nafasi ya kusahau.

Mwombe leo. Usingoje Alhamisi. Peleka chai, weka sinia chini, anza na lile kosa lako. Mwambie, "Madam, siku ile niliachilia makusudi, niliogopa, sitarudia." Kisha mwambie habari za dada yako, kwamba anaondoka na unataka kumwona. Usilie kwanza, usizunguke, usimtaje Umm Talal. Ukimaliza, nyamaza. Akisema ndiyo, mpigie Fridah aanze kufua nguo yake nzuri. Akisema hapana, utakuwa umelisikia kutoka kinywani mwake badala ya kulitunga kitandani, na hapo uniandikie tena tutafute mlango mwingine, kwa maana likizo bado ina siku.

Kuhusu Hezron, mwalimu wa mieleka haulizi mwanafunzi amekula nini asubuhi, mchana na jioni. Mambo hayo unayajua, usinifanye mjinga. Kama ni mtu wa maana, atangoja umalize mkataba. Sauti zake uzifute kila jioni, simu ya mfanyakazi haina siri.

Ukishaomba, Alhamisi itabaki kuwa mchezo, na mchezo unachezwa kwa nguvu zote. Usimhurumie. Mtazame vidole, mpige mbele ya shangazi zake wote, mtupe juu ya refa na juu ya meza, mkalie hadi refa amalize kuhesabu. Naye akukute pale ulipo dhaifu akutupe kama anaweza, hiyo ndiyo heshima aliyokuwa anaitaka tangu akutupie pedi. Na jibaba lake likianguka, mwanangu, usimwambie samahani.

Shangazi Keziah